Mti Hauli Udongo

Mwezi uliopita tulikaa barazani hapa Faza, Lamu, baada ya sala ya Alasiri. Maji yalikuwa yamekupwa na mashua zimelalia ubavu topeni, na mtu mmoja akatusomea karatasi aliyoletewa juu ya mradi wa kaboni ya mikoko. Haikupita dakika kumi, maneno yakawa mengi kuliko karatasi yenyewe. Mti unakula nini, unatoa nini, nani anauza, nani anaibiwa: kila mtu alikuwa na lake. Nilijibu mawili matatu, adhana ya Magharibi ikatukata. Nimefundisha sayansi miaka mingi, na yaliyosemwa siku ile nimeyasikia darasani, sokoni, hata katika hotuba za wakubwa. Nayajibu hapa kwa sababu safari hii kuna karatasi ya kutiwa sahihi, na anayetia sahihi jambo asilolijua hulilipa yeye na wanawe.

"Mti unakula udongo." Hili ndilo mama wa mengine yote, kwa hiyo naanza nalo na sitaliachia upesi.

Nenda jikoni. Chukua mzigo wa kuni kavu za mkandaa, ule unaomlemea mtu kichwani, upikie mpaka uishe, kisha zoa majivu. Yote yataenea kwenye sufuria moja ndogo. Majivu hayo ndiyo mti uliyoyatoa ardhini: kalisi, potasiamu, fosforasi kidogo, chumvi. Mzigo uliobaki, yaani karibu wote, umerudi ulikotoka, na haukutoka ardhini.

Mtu mmoja wa Ubelgiji, Jan Baptist van Helmont, alilipima jambo hili kwa mizani karne ya 17. Alipanda mche wa ratili 5 ndani ya pipa la udongo aliokwisha kuukausha na kuupima. Kwa miaka mitano hakuutilia kitu ila maji. Mti ukafika ratili 169, na udongo ukapungua wakia mbili tu. Yeye alidhani mti wote umetokana na maji, na hapo alikosea, maana siku zile hakuna aliyejua kwamba hewa nayo ni chakula. Lakini udongo alikwisha kuuondolea shutuma.

Chini ya jani pana vitundu visivyoonekana kwa macho. Vinapofunguka hewa huingia, na ndani ya hewa hiyo mna hewa ya ukaa, kidogo mno: sehemu 420 na kitu katika milioni. Jani hutumia nguvu ya jua kuyavunja maji yaliyopandishwa na mizizi, hufunga kaboni na hidrojeni ya maji hayo pamoja ikawa sukari, na oksijeni ya maji ikaachiliwa itoke. Sukari hiyo ndiyo hugeuzwa ikawa ubao, gome, kuti, wanga wa muhogo na mafuta ya nazi. Melvin Calvin na wenzake kule California waliifuata kaboni hatua kwa hatua ndani ya mmea kwa kuitia alama ya mnunurisho, na mwaka 1961 Calvin akapewa Tuzo ya Nobel. Njia hiyo si ya bure, kwani kila kitundu kinapofunguka kuingiza hewa, maji nayo hutoka. Mikoko inayosimama katika maji ya chumvi hulipa ghali zaidi. Lamba jani la mchu, mmoja wa mikoko hiyo, wakati wa jua utakuta chumvi juu yake. Ni chumvi iliyopanda na maji, mti ukaitema.

Sasa tufanye hesabu. Karibu nusu ya uzito wa ubao mkavu ni kaboni. Boriti kavu ya kilo 20 ina kaboni kilo 10 hivi, na ili kuipata mti ulivuta hewa ya ukaa kilo 36 na ushei. Kwa jinsi hewa hiyo ilivyo haba, kilo 36 ni zile zilizotawanyika katika vyumba elfu moja hivi vya kulala, kila kimoja mita 4 kwa 4 na kwenda juu mita 3. Boriti moja, vyumba elfu. Ukiinua macho darini ukaitazama, unatazama hewa iliyoshikana.

Aliyesema shamba huchoka hakusema uongo. Ardhi hupungukiwa na yale ya kwenye majivu, pamoja na nitrojeni, na hata moja ya chumvi hizo ikikosekana mmea haukui. Anayefyeka na kuchoma shamba huyarudisha madini kwa majivu, lakini nitrojeni nyingi na kaboni karibu yote hupanda na moshi. Ndiyo maana shamba lililochomwa huzaa vizuri mwaka wa kwanza, na halafu likadai kupumzishwa.

"Usilale chini ya mwembe usiku, unatoa sumu." Mti hupumua kama sisi, na usiku, jua likiwa halipo, hutoa hewa ya ukaa bila kuvuta nyingine. Lakini mahali pale ni wazi kabisa, upepo wa kusi au kaskazi unapita. Binadamu mmoja hutoa karibu kilo nzima ya hewa hiyo kwa siku, na hakuna anayekataza ndugu watatu kulala chumba kimoja. Lala chini ya mwembe, ila uangalie maembe yasikuangukie.

Ndani ya kosa hilo, hata hivyo, mna jambo kubwa ambalo vitabu vingi vya shule hulipitia mbio. Mimea yote ya nchi kavu huvuta tani bilioni 120 hivi za kaboni kila mwaka. Nusu yake mimea yenyewe huitoa tena kwa kupumua, kama mfanyakazi anavyokula nusu ya mshahara wake ili apate nguvu ya kurudi kazini. Nusu ya pili huwa majani, mizizi, shina na matunda, kisha mchwa, kuvu, bakteria, mbuzi na moto huirudisha hewani karibu yote. Kinachosalia mwishoni mwa mwaka, baada ya kuingia na kutoka kwote huko, ni tani bilioni 3 hivi.

Sisi watu wa visiwani tunalielewa hili kuliko wengine, maana ni maji kujaa na maji kupwa. Mwaka 1958 Charles David Keeling alianza kupima hewa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, na kipimo hicho kinaendelea mpaka leo. Kila mwaka mstari wake hushuka mimea ya kaskazini mwa dunia inapochipua, hupanda inapopukutika, tofauti ya sehemu 6 hivi katika milioni. Huko ni kupumua kwa dunia. Lakini kila maji yanapojaa, yanajaa juu zaidi kuliko mwaka uliopita. Alianza na sehemu zipatazo 315, sasa zimepita 420, na kabla ya viwanda zilikuwa 280. Kujaa na kupwa hakuongezi bahari. Bahari ikiongezeka, pana maji mengine yanayomiminwa, nayo tutayafikia.

"Misitu ni mapafu ya dunia, ikikatwa tutakosa pumzi." Waliosema haya wanapenda miti, nami niko upande wao, lakini hoja dhaifu huiponza kesi nzuri. Msitu uliokomaa hutumia karibu oksijeni yote unayoitoa, kwa sababu kila jani linalooza huidai. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa yote, akiba kubwa mno. Mimea yote ya nchi kavu ina kaboni ya tani bilioni 450 hivi. Lau ingechomwa yote leo, oksijeni ingepungua kwa kama sehemu moja katika elfu. Tusingekosa pumzi. Lakini kaboni iliyoko angani, ambayo ni karibu tani bilioni 900, ingezidi kwa nusu yake nzima. Hatari iko upande huo wa pili, na kila mtu anayeulizwa barazani kwa nini mikoko ilindwe aanze na huo.

"Tope la mikoko ni uchafu, linanuka." Aliyesema hivi alikuwa ameinua shuka yake, miguu bado myeusi kwa kushuka chomboni maji yakiwa yamekupwa. Simlaumu. Lakini harufu hiyo ndiyo ushahidi ninaoutaka.

Ingia mikokoni maji yakitoka, tia mkono topeni mpaka kiwikoni, kisha uutoe. Juu tope ni kahawia, shibiri moja chini ni jeusi, na limejaa vijizizi vyembamba kama nywele, vingine vimekufa zamani na bado havijaoza. Harufu ya mayai viza inakujia. Hiyo ni gesi ya salfa inayotolewa na bakteria wanaoishi pasipo na oksijeni. Tope limeshiba maji, hewa haipenyi, na wale wanaoozesha haraka hawawezi kuishi humo. Jani linaloanguka chini ya mwembe hurudi hewani kwa msimu mmoja au miwili. Mzizi uliofia katika tope la mkoko unaweza kukaa karne nyingi, hata maelfu ya miaka, tope jipya likijilaza juu yake kila bamvua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, wa mikoko ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, ulikuta wastani wa tani elfu moja hivi za kaboni kwa hekta, na sehemu kubwa yake ilikuwa chini ya ardhi. Kwa hiyo anayeuangalia mkoko kuanzia shina kwenda juu ameona kipande kidogo tu cha akiba. Tope hilo likichimbwa na kuanikwa, oksijeni huingia, na kilichokaa karne nyingi huanza kuungua polepole bila mwali.

Lamu ina karibu asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya, hekta elfu 37 hivi kati ya elfu 61. Wanaozungumza juu ya akiba ya kaboni ya nchi hii wanazungumza, kwa sehemu kubwa, juu ya tope letu.

"Basi kila anayekata boriti anachafua hewa." Neno hili lilimuuma mzee mmoja pale barazani, mkata boriti tangu ujana wake, ambaye alihesabu korja kwa korja, ishirini ishirini, na kusomesha watoto kwa jasho hilo. Aliona soko la Uarabuni likifungwa mwaka 1982 serikali ilipokataza kupeleka boriti nje, akaona tena marufuku ya kukata miti ya mwaka 2018. Akauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mimi ndiye niliyelichoma jua hili?"

La, mzee wangu. Boriti iliyolala darini haijatoa hata chembe ya kaboni yake. Nyumba kongwe za Amu na Siyu, na vyumba vyake virefu vyembamba vilivyokatwa kwa kipimo cha boriti, zimeshikilia kaboni hiyo vizazi kwa vizazi. Kinachotazamwa ni muda: kaboni ilikaa wapi, kwa miaka mingapi. Boriti iliyojengewa hukaa zaidi ya umri wa mtu, na kuni ile ile hukaa mpaka chakula kiive. Na hata darini haina amani ya milele. Moto wa mwaka 2009 uliounguza mamia ya nyumba hapa Faza uliirudisha hewani kaboni ya makuti na boriti kwa muda mfupi, na waliolala nje usiku ule hawahitaji mtu wa kuwafundisha maana ya akiba kupotea.

Lakini jibu langu kwa mzee lina upande wa pili, naye anaujua kuliko mimi. Mchu ukikatwa huchipua. Mkoko hasa, ule mti wenye jina hilo, ukikatwa chini, kisiki kimekufa, hauchipui tena, unangoja mbegu ile ndefu idondoke kutoka mti mwingine na kujichoma topeni. Ukiacha miti mama, pengo hujaa na kaboni hurudi. Ukifyeka wazi, tope hubaki uchi, maji huliosha, na pale ndipo akiba ya karne huanza kuondoka. Kwa hiyo suala ni mti upi, wa unene gani, na uliacha nini nyuma. Wakata boriti wa zamani waliochagua mti mmoja mmoja hawakuwa maadui wa msitu, na ni dhuluma kuwaweka kapu moja na anayefyeka ili achome makaa.

Niseme kidogo juu ya chokaa, kwa kuwa nayo ilitajwa. Kilo 100 za mawe ya matumbawe yaliyo safi, zikichomwa tanurini, hutoa kilo 44 za hewa ya ukaa na kuacha kilo 56 za chokaa. Lipu inapokomaa ukutani huinywa hewa ile ile tena, ndiyo maana hugeuka jiwe. Ukuta hulipa deni lake la mawe. Deni la kuni zilizochoma tanuri haulipi, hilo linangoja miti ikue.

"Moshi ni moshi, kuni za mama na makaa ya mawe ni kitu kimoja." Hapa ndipo penye maji yanayomiminwa.

Kaboni ya kuni ilikuwa hewani miaka kumi, ishirini iliyopita, na mti mwingine ukiota utaichukua. Imo ndani ya kujaa na kupwa. Kaboni ya makaa ya mawe na mafuta iliondoka hewani mamilioni ya miaka kabla ya binadamu, ikafukiwa. Ikichomwa leo ni mgeni asiye na kitanda. Tunatoa tani bilioni 10 hivi za kaboni ya aina hiyo kila mwaka. Katika kila sehemu nne za kaboni wanayotoa watu, kwa makadirio, moja huchukuliwa na nchi kavu, moja na bahari, na mbili hubaki juu. Na volkano haziwezi kusingiziwa, kwa sababu zote pamoja hazitoi hata sehemu moja katika hamsini ya hiyo yetu. Tena kaboni yetu hii ina alama. Kila kiumbe hai kina kaboni-14 kidogo, inayopungua kwa nusu kila miaka 5,730 baada ya kufa. Makaa ya mawe hayana hata chembe. Tangu miaka ya 1950 Hans Suess alionyesha kwamba kaboni-14 ya hewani ilikuwa imezimuliwa, kama maziwa yanavyotiwa maji, kwa kaboni kongwe isiyo nayo.

Watu wa Lamu walilisimamia hili kabla ya wengi. Mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulipangwa Kwasasi, bara ng'ambo yetu, ukapewa leseni ya mazingira mwaka 2016. Wananchi, shirika la Save Lamu likiwaongoza, walikwenda mbele ya Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Naiona siku hiyo kuwa kazi kubwa kuliko miche yote tuliyopanda.

"Tutapanda miti, italipa." Serikali imetangaza miti bilioni 15 ifikapo 2032, na kila mche uliopandwa mahali pake ni kheri. Lakini ipigwe hesabu. Mtambo ule ungefanya kazi nusu tu ya saa za mwaka, ungetoa hewa ya ukaa tani milioni 4 na ushei. Mradi wa Mikoko Pamoja kule Gazi, Kwale, ambao ulizinduliwa mwaka 2013 ili kuuza kaboni na unasifiwa ulimwengu mzima kwa haki, unalinda hekta 117 na kuhesabiwa tani 3,000 hivi za hewa hiyo kwa mwaka. Kufidia mtambo mmoja kungetaka Gazi zaidi ya 1,300, yaani mikoko zaidi ya mara mbili ya ile iliyoko Kenya nzima. Na mche ni wa leo, deni la moshi ni la jana: mti huchukua miaka mingi kuvuta kile ambacho tanuru hukitoa kwa dakika.

Wapo wanaojifariji kwamba hewa ya ukaa ni chakula cha mimea, basi izidi. Mpunga na mikunde huongeza ukuaji kweli, maji na mbolea vikiwapo, lakini mchele huo hupungukiwa na protini, zinki na chuma. Mtama na mahindi, ambayo yana njia yao ya kuikusanya hewa hiyo, hufaidika kidogo sana. Na kisiwa kinachotegemea maji ya jabia hakikosi hewa ya ukaa, kinakosa mvua.

"Wazungu wananunua hewa yetu." Hakuna anayebeba hewa. Anayelipa analipa ahadi kwamba kaboni fulani itabaki topeni na mtini, ili aseme moshi wake umefidiwa. Kinachouzwa ni muda, na muda ndio wa kuulizia. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2023, inasema mradi wa ardhini uwape wenyeji isiyopungua asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na usio wa ardhini asilimia 25. Mkoko unasimama ardhini saa sita na majini saa sita, kwa hiyo iulizwe mapema umeandikwa upande gani. Iulizwe pia ni miaka mingapi, na miaka hiyo ikiisha tope ni la nani. Moto ukizuka, au mawimbi yakibomoa ukingo, nani atarudisha pesa? Mkata boriti anayechagua mti mmoja mmoja amewekewa nafasi, au ameandikwa kama mhalifu?

Karatasi iliyosomwa ilikuwa na kurasa nne. Idadi ya miaka haikuwamo katika zile tatu tulizosikia kabla ya adhana. Karatasi ikirudi barazani, nitaomba ianziwe ukurasa wa nne.